Ghala Moja la Maoni ya Mwalimu Mkuu

Tangu shule yetu ifunguliwe hapa juu ya vilima vya Gesima, Mwalimu Mkuu, Bwana Obwocha, amekuwa na maoni ya aina moja tu juu ya wanadamu. Maoni yenyewe ni haya: "Ana uwezo. Ajitahidi zaidi." Huyaandika kwenye ripoti ya mvulana aliyeongoza darasa, na huyaandika kwenye ripoti ya aliyeburura mkia. Kijana mmoja alipohamia shule nyingine katikati ya muhula, ripoti yake ilimfuata mpaka Kisumu ikitangaza kwamba ana uwezo na ajitahidi zaidi.

Nasema haya kwa heshima, kwa sababu juu ya msingi huo imejengwa desturi. Siku ya Wazazi, Jumapili ya mwisho wa muhula, kila mwanafunzi huitwa mbele pamoja na mzazi wake. Mwalimu Mkuu humkabidhi ripoti, naye mwanafunzi husoma maoni ya Mwalimu Mkuu kwa sauti ili mzazi na umati wasikie. Ukweli ni kwamba hakuna anayesoma. Wavulana hutamka maneno hayo huku macho yakitafuta zilipo sufuria za wali, na wazazi huanza kutikisa vichwa kabla sentensi haijafika mwisho. Kila mtu anayo kichwani, kama wimbo wa taifa.

Mimi, Omwenga wa Kidato cha Tatu, mwaka huu wa 1979 nilikuwa nimesimama pabaya na desturi zote za shule. Muhula wa kwanza nilimfungia jogoo ndani ya kinanda cha kanisa, na jogoo huyo akajitambulisha katikati ya maombi ya mchungaji. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akanitazama kama mtu anayepima mbao.

"Omwenga, hili ni onyo la mwisho," alisema. "Unajua maana ya mwisho?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni pale ambapo hapana pengine."

"Vizuri. Kosa moja tena, hata liwe dogo kama kiroboto, utabeba sanduku lako kichwani mpaka Tabaka."

Tabaka ni mbali, na sanduku langu ni la bati. Huko Tabaka ndiko mama yangu, Eucabeth, anakokaa kutwa nzima na beseni la maji akisugua kwa msasa vinyago vya mawe ya sabuni, viboko na tembo na mabakuli, mpaka viwe laini vya kuuzwa, ili mimi nikae shule ya bweni. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa mama kama huyo hapokelewi kwa vigelegele. Kwa hiyo niliacha utundu kabisa. Niliacha mpaka ilipofika kompyuta.

Kompyuta ililetwa na Bwana Ombui, mwalimu wetu wa hisabati, aliyerudi kutoka masomoni Amerika na makreti mazito kuliko bibi harusi yeyote. Chuo chake kilikuwa kinataka kuitupa, naye akaiomba. Ina ukubwa wa kabati la nguo, na inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Haina kioo cha kutazama. Unaiandikia kwa vitufe kama vya taipu, nayo inakujibu kwa kupiga chapa kwenye karatasi ndefu inayojikunja yenyewe ndani ya sanduku. Mwalimu Mkuu aliiogopa wiki ya kwanza, wiki ya pili akaipenda, na wiki ya tatu akatangaza kwamba safari hii ripoti za Siku ya Wazazi zitachapwa na mashine, kwa Kiswahili, ili kila mzazi aone shule yetu iko wapi na shule nyingine ziko wapi.

Bwana Ombui aliandika programu kwa lugha inayoitwa C, akanichagua mimi nimsaidie kuchapa.

"Vidole vyako ni vyepesi," aliniambia. "Tuvipe kazi kabla havijajitafutia."

Programu ilikuwa na faili nne, kila kidato na faili yake, na ndani ya kila faili tuliandika yale maoni ya Mwalimu Mkuu. Hapo mwanzo yalisema "Ana uwezo lakini ajitahidi zaidi." Mwalimu Mkuu akaja, akasoma, akasema neno "lakini" linawavunja wazazi moyo, litolewe na mahali pake pawekwe nukta. Tukalitoa. Tukajaribu kuchapa. Vidato vitatu vilitii, Kidato cha Pili kikaendelea na "lakini" yake, kwa sababu faili hiyo tuliisahau.

Bwana Ombui alivuta kiti.

"Omwenga, babu yangu alikuwa na wake wanne, na kila mke alikuwa na ghala lake la wimbi. Wadudu walipoingia, mzee alipanda ghala moja kuwatoa, akapanda la pili, akapanda la tatu. La nne alichoka. Unadhani ni lipi lililooza?"

"La nne, mwalimu."

"Basi sisi tutajenga ghala moja."

"Na wake wanne watakubali?"

"Wake wa babu wasingekubali. Faili zitakubali."

Tukajenga faili ya tano. Humo tuliandika maoni ya Mwalimu Mkuu mara moja tu, na chini yake jina lake. Katika zile faili nne tulifuta maneno yenyewe, tukaweka tangazo kwamba maneno hayo yako nje, kwa jirani, na kila anayeyahitaji aende akayachukue huko. Ilikuwa raha kuona. Ukigusa ghala moja, vidato vyote vinne vinageuka kwa pamoja kama gwaride.

"Lakini sikiliza vizuri," Bwana Ombui alisema, na kidole chake kikagonga karatasi. "Ghala hili halina kufuli. Lugha hii haijui kufuli. Anayeweza kuchota anaweza pia kumwaga. Maneno haya ni ya kuchota tu."

Akaandika juu ya faili kwa herufi kubwa: YA KUCHOTA TU. Mimi nikajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa uso ule ule niliokuwa nao nilipokuwa nikimnunua jogoo.

Sasa nimtaje Nyamongo. Nyamongo analala kitanda cha juu yangu, ni rafiki yangu wa damu, na Jumatano jioni alikula maharagwe yangu nilipokwenda kunawa mikono. Alhamisi nilipobaki peke yangu na mashine, niliingiza mistari michache ndani ya faili ya Kidato cha Tatu. Mistari hiyo ilisema: ikifika zamu ya Nyamongo, maoni ya Mwalimu Mkuu yawe "Huyu hula kuliko anavyosoma, hasa maharagwe."

Sentensi hiyo sikuitunga yote. "Huyu hula kuliko anavyosoma" ni maneno ya mama yangu, anayonisifia nayo kila likizo mbele ya wageni. Mimi niliongeza maharagwe tu. Mpango ulikuwa safi: ripoti ya Nyamongo ikichapwa naichomoa, namwonyesha, namwacha atoke jasho mpaka kengele ya chakula, kisha nafuta mistari yangu na kumchapia ripoti njema. Nani angejua?

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulianza kuchapa. Lazima nieleze kwamba shule yetu ni ya Waadventista, na jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na kazi imekwisha. Jenereta iko mikononi mwa Mzee Angwenyi, ambaye hutazama upande wa magharibi kama askari anayemngoja adui. Ukingo wa jua ukigusa kilima, anazima. Hazimi baada ya wewe kumaliza unachofanya. Anazima. Kisha anapanda baiskeli kwenda kwake, na mpaka Jumapili huwezi kumpata hata kwa maombi.

Kidato cha Kwanza kilitoka vizuri. Kidato cha Pili kilitoka vizuri, bila "lakini." Bwana Ombui akaridhika.

"Simamia karatasi zisijikunje vibaya," aliniambia. "Naenda kuona kama turubai la Siku ya Wazazi limefungwa."

Akatoka. Kidato cha Tatu kikaanza. Machogu, ana uwezo. Mogire, ana uwezo. Nyamongo: "Huyu hula kuliko anavyosoma, hasa maharagwe." Nikacheka peke yangu mpaka nikashika meza. Nikasubiri ripoti inayofuata ianze ili niichane ya Nyamongo.

Inayofuata ilikuwa ya Nyasani, kijana mwembamba, kiongozi wa kwaya, ambaye hula kama ndege. Mashine ikapiga chapa: "Huyu hula kuliko anavyosoma, hasa maharagwe."

Nikasoma jina upya.

Ikaja ya Omwenga. Yangu mimi. Huyu hula kuliko anavyosoma. Ikaja ya kijana wa baadaye, na wa baada yake, wote wakila, wote maharagwe. Ndipo nilipotazama mstari wa chini, penye jina, ambapo siku zote huandikwa Bw. Z. Obwocha, B.A. Palikuwa pameandikwa hivi: "Mwalimu Mkuu: hasa maharagwe."

Nilijua nilichofanya kabla sijakubali kwamba nimekijua. Sikumpa Nyamongo kibuyu chake cha kunywea. Nilikwenda nikamwaga ndani ya ghala la wote, ile faili ya tano, na kila aliyekuja baada yake alichota kile nilichomwaga. Tena sentensi yangu ilikuwa ndefu kuliko ya Mwalimu Mkuu. Nafasi ya maoni ilipojaa, maneno yaliyozidi yalimwagikia nafasi iliyofuata, nayo ilikuwa ya jina lake. Waliobaki wa Kidato cha Tatu, na Kidato cha Nne kizima, pamoja na viranja wenye ndevu, walikuwa njiani kuwa walaji wa maharagwe kwa mujibu wa Bwana Hasa Maharagwe.

Kusimamisha mashine? Ningeisimamisha, halafu? Ingebidi nirekebishe faili, mashine iitafsiri upya, iziunganishe zote tano, kisha ianze kuchapa tena tangu Nyamongo. Nikachungulia dirishani. Jua lilikuwa juu kidogo tu ya mashamba ya chai, jekundu, halina huruma. Mzee Angwenyi alikuwa ameshasimama mlangoni mwa chumba cha jenereta, mikono nyuma.

Nilipomaliza kupiga hesabu hiyo, Kidato cha Nne kilikuwa kimeshaanza. Niliweka kidole kwenye swichi. Kidole kile chepesi kikawa kizito kama mtaimbo. Hapo ndipo nikasikia viatu vya Mwalimu Mkuu vikija ukumbini. Ana viatu vyenye vyuma kisiginoni, na hakuna mvulana asiyevijua.

Nikaondoa kidole.

"Mmefika wapi?" aliuliza. Alikuwa ameshika mhuri na kisanduku cha wino.

"Kidato cha Nne, mwalimu. Tunakaribia kumaliza."

"Vizuri sana. Tufanye haraka haraka, jua linakwenda. Wewe geuza, mimi nagonga."

Basi tulifanya kazi bega kwa bega, mimi nikigeuza ripoti, yeye akigonga mhuri. Sikuwahi kumwomba Mungu amfanye mtu asiwe makini, lakini niliomba. Nilipofika kwa Nyamongo nilitandaza kiganja changu juu ya maoni, kama mtu anayenyoosha karatasi. Mhuri ukashuka kando ya kidole gumba. Nikatandaza kwa Nyasani. Nikatandaza kwa Omwenga. Jasho langu lilidondoka kwenye alama za jiografia za Ombati.

"Mbona unatetemeka?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Ni furaha, mwalimu. Ya maendeleo."

Akainua uso, akanitazama, na mimi nikahisi sanduku la bati likikaa kichwani. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama dirisha lililo nyuma yangu, lilipokuwa jua.

"Geuza, geuza!" alisema.

Mpaka mwisho hakusoma hata neno moja. Kwa nini asome? Alijua aliloliandika. Alikuwa akiliandika tangu mimi sijajua kutembea. Mhuri wa mwisho ulipogonga, taa zilizimika, mashine ikashusha pumzi, na nje tukasikia baiskeli ya Mzee Angwenyi ikiteremka. Mwalimu Mkuu alibeba ripoti zote chini ya kwapa, akazifungia ofisini, akanitakia Sabato njema.

Sabato haikuwa njema. Mchungaji alihubiri kuhusu mambo yaliyofichika ambayo yatafunuliwa, nami nilikuwa na hakika kwamba ameelezwa. Kila mara Mwalimu Mkuu alipokohoa katika kiti cha mbele, mimi niliinuka nusu kuitikia. Baada ya ibada nilimvuta Nyamongo nyuma ya bwalo, nikamweleza yote, kwa sababu siri ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuibeba bila kuvimba.

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hasa maharagwe! Mwalimu Mkuu, hasa maharagwe! Wewe Omwenga, wewe umekwisha, na umekwisha vizuri."

"Nyamaza, watu watasikia. Nisaidie kufikiri."

Alifuta machozi. Rafiki yangu ana kasoro nyingi, lakini ubongo wake hushiba pamoja naye.

"Hebu fikiri hivi," alisema. "Nani husoma ile ripoti? Mimi kesho nitasimama niseme ana uwezo, ajitahidi zaidi. Nyasani vile vile. Yule anayetazama akaona maharagwe, unadhani atamsomea baba yake maharagwe? Mbele ya mchungaji? Kila mtu ataficha ya kwake. Na kule nyumbani wazee wataitundika ukutani bila kuijua."

Nikamtazama kama malaika. Ni kweli. Maneno yale yalikuwa yamehifadhiwa pengine kuliko kwenye mashine: yalikuwa vichwani mwa watu wote, tangu zamani, na kule sikuyamwagia kitu. Nikavuta pumzi kamili kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Tena wazazi wengi hawajui kusoma," nikaongeza.

"Wengi," Nyamongo alikubali.  Akaanza kung'oa nyasi. "Omwenga, mama yako si ndiye uliyesema ameingia gumbaru?"

Pumzi ile niliirudisha.

Mama alijiunga na darasa la watu wazima kanisani kwao mwaka huu, serikali ilipowahimiza wasiojua kusoma waingie gumbaru. Likizo iliyopita alisoma kila kitu kilichokaa kimya mbele yake: mkebe wa majani ya chai, gunia la mbolea, tarehe kwenye jiwe la kaburi la babu. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na akimaliza neno alinitazama kama aliyemkamata kuku. Na siku niliyofunga sanduku kurudi shule aliniambia, "Siku ya Wazazi usijisumbue. Safari hii nitasoma mwenyewe."

Nilikuwa nimejibu, "Sawa, mama." Nilikuwa namaanisha.

Jumapili asubuhi alikuja amevaa gauni la kijani na leso mpya mabegani. Vumbi la mawe halitoki kabisa kwenye kucha hata mtu aoge vipi, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa na ncha nyeupe, kama vya mwalimu anayeshika chaki. Aliniletea ndizi. Sikuweza kumeza hata moja.

"Unaumwa?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mama, ile ripoti, mbona mimi nisisome tu? Kuna jua, macho yako..."

"Macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu."

"Basi kaa."

Chini ya turubai ilianza Siku ya Wazazi. Kidato cha Kwanza, ana uwezo. Kidato cha Pili, ajitahidi zaidi. Wazazi walitikisa vichwa, wakapiga makofi, wakasifu karatasi safi ya mashine bila kuisogeza karibu na macho. Bwana Ombui alisimama pembeni amefunga tai, akitabasamu kama baba wa mtoto mchanga. Sikuweza kumtazama.

Kidato cha Tatu. Nyamongo aliitwa, akatamka maneno ya zamani kwa sauti ya shemasi, akarudi akinikonyeza. Nyasani aliitwa. Yeye, masikini, aliiangalia karatasi. Niliona midomo yake ikisimama. Akamtazama baba yake, akamtazama mchungaji. "Ana uwezo," alisema haraka. "Ajitahidi zaidi." Akaikunja ripoti mara nyingi mpaka ikawa kama kidonge.

"Omwenga, na mama yake, Eucabeth!"

Tulikwenda mbele.  Mwalimu Mkuu alininyooshea ripoti, na mkono wenye kucha nyeupe ukaipokea kabla yangu.

"Mwalimu," mama alisema kwa Kiswahili chake kipya, akikanyaga kila neno kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Naomba leo nisome mimi. Mimi nasoma sasa."

 Watu waliokuwa wakinong'ona na kubembeleza watoto wakageuza vichwa. Kisha mtu akasema, "Asome!" Na akina mama wa nyuma wakapokea, "Asome! Asome!" Mchungaji alikunjua mikono kwa furaha. Mwalimu Mkuu akavaa miwani.

"Vizuri sana, Mama Omwenga! Hii ndiyo Kenya tunayoitaka. Ukikwama nitakusaidia." Akasogea karibu na bega lake.

Mama aliweka kidole chini ya mstari. Alisoma kwanza kimya, kama walivyofundishwa, midomo ikitembea. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kidole kikiacha alama nyembamba nyeupe kwenye karatasi. Kilipita "Huyu." Kilipita "hula." Kilipofika "kuliko" kikapunguza mwendo. Kilipofika "anavyosoma" kikasimama.

Sijui kama umewahi kumwona mtu akikutana na maneno yake mwenyewe mahali asipoyaweka. Hakushtuka. Kichwa chake kiliinama kidogo upande, kama anayesikia sauti ikiita kutoka nyumba ya pili. Kisha akageuka taratibu akanitazama, na katika uso ule niliona kwamba amesoma zaidi ya yaliyoandikwa. Ameniona mimi, mashine, sanduku la bati kichwani mwangu, barabara yote ya kurudi Tabaka.

"Umekwama?" Mwalimu Mkuu aliuliza, akiinamisha miwani kuelekea karatasi.

Mama aliivuta karatasi kifuani.

"Sijakwama," alisema.

Akainyoosha tena, karibu sana na uso wake, mgongo ukiwa umemwelekea Mwalimu Mkuu kidogo. Akaanza, silabi kwa silabi, kwa sauti iliyofika kwenye sufuria za wali.

"A-na... u-we-zo." Kidole kilikuwa kwenye anavyosoma. "A-ji-ta-hi-di..." Kidole kilikuwa kwenye hasa. "Za-i-di."

Kidole kilikuwa kwenye maharagwe.

Vigelegele vilipasuka. Akina mama walisimama, mchungaji alisimama, Mwalimu Mkuu alipiga makofi mpaka miwani ikateleza. "Mmesikia? Mmesikia?" alikuwa akiuliza. Bwana Ombui naye alipiga makofi, ila polepole, na macho yake yalikuwa kwenye urefu wa njia ambayo kidole kile kilipita. Mama hakutabasamu. Alikunja ripoti, akaifunga kwenye kona ya leso yake, akarudi kwenye kiti.

Waliobaki wote, hata viranja wenye ndevu, walitamka maneno yale ya zamani, kisha tukala wali. Tulipofika langoni ndipo mama alipoanza.

"Maneno ya kwanza nayajua. Ni yangu."

"Ndiyo, mama."

"Maharagwe si yangu."

"Maharagwe ni yangu, mama."

"Na kule chini, kwenye jina la Mwalimu Mkuu?"

"Yalimwagika."

"Yalimwagika," alirudia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikataka kupiga magoti hapo barabarani. Kumbe alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kicheko cha kubanwa cha mtu aliye kanisani. Kikakatika ghafla.

"Unajua kitu, Omwenga? Kila Jumanne na Alhamisi nimekwenda gumbaru. Nikisugua mawe nasoma kichwani. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu nisome kitu kilichoandikwa. Leo nimesimama, nikasema kitu ambacho hakikuandikwa. Kama wao wote."

Nikanyoosha mkono nichukue ripoti. 

"Mnafunga Ijumaa," alisema, akigusa kona ya leso. "Hii inakwenda nami. Ukifika nyumbani utaita baba yako, utaita majirani waliosikia kwamba nimejua kusoma, nami nitaisoma. Yote. Mpaka mwisho wa chini. Halafu wewe ndiye utakayewaeleza."

Akaenda. Hakugeuka nyuma.

Jumatatu Bwana Ombui aliniita kwenye mashine.  Alifungua faili ya Kidato cha Tatu, akanisogezea kiti, akakaa kando yangu mpaka nilipofuta mistari yangu yote, mmoja mmoja, kwa vidole vizito. Kisha akasema, "Sasa andika tena juu ya ghala yale maneno. Yaandike wewe." Nikaandika: YA KUCHOTA TU.

Leo ni Alhamisi. Mwalimu Mkuu alinipita asubuhi akanigusa bega, akasema mama yangu ni mfano kwa wazazi wote, na kwamba nina uwezo. Nikajibu nitajitahidi zaidi. Sanduku langu la bati limefungwa. Nyamongo amekaa juu yake anakula ndizi zangu, na kila nikifumba macho nauona uwanja wetu wa Tabaka umejaa watu waliokaa kwenye mawe, wote kimya, na kidole chenye ncha nyeupe kinaanza kutembea.